Nyumba Yenye Tairi 22

Jiko liko ubavuni, ndani ya sanduku la chuma lililofungwa chini ya tela. Kifuniko chake kikishushwa kinakuwa meza, na hapo ndipo vitunguu hukatwa, sufuria huoshwa, ugali husongwa. Hatua mbili kutoka hapo linaning'inia tenki la maji lenye koki, na pembeni yake madumu ya lita 20 yamekazwa kwa mpira usije mtikisiko wa barabara ukayadondosha. Chumba cha kulala kiko juu, nyuma ya viti na nyuma ya pazia: godoro la mtu mmoja, chandarua kilichokunjwa, blanketi zito, na shati safi lililotundikwa kwenye hanga likisubiri siku ya kuvuka mpaka. Sebule ni kivuli cha tela, na huhama kadiri jua linavyohama.

Haya ni makazi ya watu wawili, dereva wa lori na utingo wake. Safari ya kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Kigali ni karibu kilomita 1,500 kwenda tu, na ukiweka siku za kusubiri mzigo, karatasi za forodha na kushusha, wiki hupita moja baada ya nyingine kabla mtu hajalala juu ya kitanda kisicho na magurudumu.

Ulaya na Marekani wapo watu walioacha nyumba zao kwa hiari wakahamia kwenye magari yenye vitanda, jiko na choo ndani, wakaishi humo mwaka mzima. Baadhi yao hupita hata hapa Dodoma, wakishuka kutoka Babati na Kondoa kuelekea Iringa kwenye ile barabara kuu inayounganisha Cape Town na Cairo. Tunawatazama kwa mshangao, tunawapiga picha. Wakati huohuo tunapishana kila siku na wenzetu wanaoishi ndani ya magari miaka kumi, ishirini, na hatujawahi kuwahesabu kuwa ni watu wanaoishi mahali.

Naishi Mkonze, kata iliyo viungani mwa Jiji la Dodoma. Tangu Serikali ilipohamishia shughuli zake hapa makao makuu, mashamba ya uwele na mtama huku kwetu yamekuwa yakipimwa viwanja. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika eneo lililo sasa Jiji la Dodoma. Ile ya 2022 ikakuta 765,179. Nyumba zilizoota kutokana na ongezeko hilo nyingi zina mishahara ya ofisini nyuma yake, lakini jirani yangu mmoja, dereva wa lori, amejenga kwa posho za safari. Safari moja tofali, nyingine nondo, nyingine bati. Nyumba imekwisha, ina madirisha ya vioo na mzabibu uani, na mwenyewe hulala humo siku chache sana kwa mwezi. Mkewe hufuatilia mahali alipo mumewe kwa majina ya vituo vya mizani: Vigwaza, Mikese, Nala, Njuki, Mwendakulima. Akiambiwa gari limepita Mikese anajua kesho kuna mtu wa kupikiwa, hata kama ni sahani moja ya kupelekwa barabarani kwa bodaboda, kwa kuwa semi lenye shehena haliingii katika vichochoro vya Mkonze na dereva hawezi kuliacha peke yake.

Nimejifunza mengi kuhusu makazi hayo kwa kukaa kivulini na watu wa malori, nikiwasikiliza. Jambo la kwanza wanalozungumzia, kabla ya mshahara na kabla ya askari wa barabarani, ni maji.

Nyanda za kati hupata mvua kidogo, kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Jiji la Dodoma kwa miaka mingi limetegemea visima vya Mzakwe, na nje ya mtandao wa mabomba visima vingi vina maji ya chumvi, maji ambayo sabuni haitoi povu na chai hubadilika ladha. Kwa hiyo mwenye lori hutenga maji kwa mafungu. Madumu ya kunywa hujazwa kule ambako maji ni matamu, upande wa Morogoro, na hayaguswi kwa kazi nyingine. Maji ya tenki ni ya vyombo, miguu na nguo. Maji ya rejeta ni fungu la tatu, na hapa dereva mzoefu hana mzaha: maji ya chumvi hujenga ukoko ndani ya mifereji ya injini kama ule wa ndani ya birika, joto likakosa pa kutokea, na siku ya mlima Sekenke gari likachemka.

Shida hii ni ya zamani kuliko lami. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, na kabla ya kufika ilibidi ivuke nyika ya Marenga Mkali, ambako wapagazi walitembea kutwa na kulala bila maji. Wapelelezi wa Kizungu walikuwamo: Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Wakifika Ugogo walikuta watemi wanaotoza hongo kwa vitambaa na shanga, na visima na malambo vyenye wenyewe. Wageni wale waliandika malalamiko mengi kuhusu hongo. Mimi nikisoma habari hizo naona pia upande wa pili: mwenyeji wa Ugogo aliyechimba kisima kwa jembe na kukilinda katika nchi kavu alijua kwamba msafiri naye lazima anywe, na kulikuwa na utaratibu, hata kama ulikuwa ghali. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910 na misafara ya miguu ikafifia. Watu wa malori wamerudi kwenye njia ileile, lakini utaratibu wa maji haukurudi.

Kuoga, basi, ni suala la mahali pa kuegesha. Kwenye maegesho ya watu binafsi na nyumba za wageni kuna bafu la kulipia, ndoo moja kwa bei ya ndoo moja. Pasipo na bafu, mtu huoga usiku kati ya matairi, akisimama juu ya kipande cha turubai. Choo ndicho kigumu zaidi. Mabasi siku hizi husimama kwenye hoteli zenye vyoo, na abiria wamezoea. Lori halina hoteli yake. Likisimama ni porini, mtu akachimbe dawa, na usiku dereva anayeogopa kushuka hutumia chupa. Chupa hizo tunaziona kwenye majani kandokando ya barabara na tunawalaani waliozitupa. Nami uchafu ule unaniudhi, maana ng'ombe na watoto wetu hupita hapohapo. Lakini kati ya Gairo na Manyoni ni wapi ambapo mtu mwenye tela la mita zaidi ya kumi anaweza kuingia, akaegesha, akakuta choo chenye taa?

Chakula ni furaha yao. Barabara hii ni gulio refu, na watu wa malori wanajua msimu wa kila kitu. Unga hununuliwa Kibaigwa, penye soko kubwa la mahindi. Kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti ni vya Singida. Anayerudi kwa njia ya Iringa hupitia nyanya za Ilula na samaki wa Mtera. Hapa Dodoma utingo hununua mlenda mkavu, kwa sababu hauozi, unakaa miezi ndani ya kopo, na kwa maji kidogo na karanga unakuwa mboga ya kushushia ugali. Mama ntilie wapo kila kituo, lakini kula hotelini asubuhi, mchana na jioni kwa wiki tatu humaliza posho yote, na ndiyo maana sanduku la jiko ni la lazima.

Zamani sanduku hilo lilikuwa na jiko la mkaa au la mafuta ya taa. Siku hizi wengi wana mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6, uleule ulioingia majumbani mwetu na ambao mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka uwafikie Watanzania wengi zaidi. Lengo ni asilimia 80 ifikapo 2034. Kwenye lori gesi ina masharti yake. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa: ikivuja ndani ya kabini haipandi ikatoka dirishani, inatulia sakafuni ikisubiri cheche. Kwa hiyo mtungi hukaa nje, wima, na koki ya mtungi wenyewe hufungwa kila baada ya kupika, wala si ya jiko tu. Mkaa nao una hatari nyingine. Juni na Julai usiku wa Dodoma, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, una baridi ya kuingia mifupani, na mtu aliyechoka hushawishika kuingiza jiko kabini na kufunga vioo. Moshi ukiwa umekwisha yeye hudhani pako salama. Makaa mekundu yasiyotoa moshi bado yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayomlaza mtu asiamke. Ningependa kila utingo anayeanza kazi aambiwe hilo siku ya kwanza, kabla ya kufundishwa kufunga turubai.

Kulala kwenyewe ni nusu kazi. Kitanda ni cha dereva, kwa kuwa ndiye atakayeshika usukani. Utingo hujikunja vitini, au hutandika chini ya tela kukiwa na joto, na hapo anakuwa mlinzi pia. Wezi wa njiani hunyonya dizeli kwa mpira, huchana turubai, huondoka na tairi la spea. Vifuniko vya tenki vina kufuli, spea ina mnyororo, na bado sikio moja halilali. Taa na simu zinategemea betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kutoa 24. Anayewasha redio na feni usiku kucha asubuhi huzungusha ufunguo, injini ikakohoa na kunyamaza. Wengi sasa wana sola ndogo juu ya kabini kwa ajili ya simu tu, ili betri zibaki za kuwashia.

Na vumbi. Kuanzia Julai hadi Septemba upepo wa Dodoma hubeba udongo mwekundu ukaupitisha hata penye dirisha lililofungwa. Shuka jeupe halidumu. Mashuka ya jirani yangu ni ya rangi ya kahawa, na mkewe huyafua yakirudi, akayakausha siku hiyohiyo ili yarudi barabarani usiku.

Alfajiri ndipo unapoona kwamba kulitunza gari na kuitunza nyumba ni kazi moja. Utingo huanza na matairi, akizunguka na kipande cha nondo mkononi akigonga moja baada ya jingine. Semi la kawaida lina 22: mawili mbele, manane nyuma ya kichwa, kumi na mawili ya tela. Lenye upepo hulia na kurudisha nondo; lililolegea hunyamaza. Yanayohitaji sikio zaidi ni yale yaliyofungwa mawili mawili, maana moja likiisha upepo mwenzake hubeba mzigo wa yote mawili, na lile bovu linasuguana naye hadi linashika moto. Malori mengi yaliyoteketea kandokando ya barabara yalianza hivyo, kwa tairi moja ambalo hakuna aliyeligonga. Akimaliza kugonga hutazama katikati ya matairi pacha kama kuna jiwe limekwama, kisha nati, kisha springi na boliti zake.

Dereva naye huvuta vipete vilivyo chini ya matenki ya upepo ili kumwaga maji yaliyojikusanya usiku. Breki za lori hufanya kazi kwa upepo, na maji yakibaki humo huleta kutu kwenye vali zake. Huyamwaga pia maji yaliyotuama katika chujio la dizeli, hupima oili injini ikiwa ya baridi, na katika msimu wa vumbi hulifungua chujio la hewa na kulikung'uta kwa uangalifu bila kulitoboa. Sahani inayobeba shingo ya tela hupakwa grisi. Ikikauka, usukani huwa mzito kwenye kona, na chuma hulana na chuma. Mwisho hupiga magoti na kuangalia ardhini palipolala gari kama kuna doa jipya la mafuta.

Hayo yote hufanyika kabla ya chai. Nimewahi kumuuliza kijana mmoja kwa nini asisubiri fundi gereji, akanitazama kama niliyeuliza kwa nini mtu afagie chumba chake.

Barabara ikikatika, nyumba hii husimama mahali ambapo hakuna aliyepachagua. Januari 2014 mafuriko ya Dumila yaliikata barabara ya Morogoro na Dodoma. Machi 2020 daraja la Kiyegeya, wilayani Gairo, lilibomoka, na malori yakapanga foleni pande zote mbili. Wiki chache baadaye ikaja korona. Mwishoni mwa Aprili 2020 Rwanda iliagiza madereva wabadilishane usukani pale mpakani Rusumo ili wageni wasiingie ndani, na madereva wa Tanzania wakagoma. Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, foleni ya malori ilinyooka kwa kilomita nyingi huku watu wakisubiri majibu ya vipimo. Nchi nzima nzima ziliwaona madereva kuwa wabebaji wa ugonjwa. Wao walikuwa ndani ya kabini zao, wakipima unga uliobaki, wakiwa ndio wanaoleta mafuta, dawa na chakula kwa hao waliowaogopa.

Walishawahi kusema wenyewe. Aprili na Mei 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchini, na miongoni mwa madai yao yalikuwa mikataba ya ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 kila wiki. Anapumzikia wapi, sheria haisemi, na kwa karani wa ofisini haihitaji kusema. Umoja wa Ulaya umelisema hilo waziwazi kwa watu wa malori: tangu 20 Agosti 2020 dereva haruhusiwi kutumia mapumziko yake marefu ya wiki, ya saa 45 au zaidi, ndani ya kabini, na mwajiri ndiye anayelipia malazi. Baada ya saa nne na nusu za usukani lazima apumzike dakika 45. Na wale wanaoishi kwenye magari-nyumba kwa starehe, Ufaransa miji mingi imewatengea viwanja vya kuingia, kujaza maji safi na kumwaga maji machafu ya choo na jiko. Serikali za miji huko zimekubali kwamba mtu anayelala ndani ya gari ana mahitaji yaleyale ya anayelala ndani ya kuta.

Sisi tumekuwa hodari kulihesabu gari lenyewe. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2013 inaweka kikomo cha uzito wa jumla kuwa tani 56, na semi la tairi 22 haliruhusiwi kuzidi 50. Pale Nala kila ekseli hupimwa na kilo zinazozidi hutozwa. Ni sawa, barabara ni mali yetu sote. Lakini nimewahi kumsikia utingo akisema kwamba wanafikiria mara mbili kabla ya kuongeza madumu ya maji wakiwa wamejazwa mzigo hadi ukomo, na hilo limenikaa moyoni, kwamba maji ya kuoga ya watu wawili yanaingia katika hesabu na mapipa ya bidhaa.

Nafasi ya kufanya vizuri tunayo sasa hivi hapa Dodoma. Barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3, ambayo Rais Samia aliweka jiwe la msingi Februari 2022, inazunguka kutoka Nala kupitia Veyula na Mtumba hadi bandari kavu ya Ihumwa, kisha inarudi kwa Matumbulu hadi Nala. Lengo lake ni kwamba malori yasipite katikati ya mji. Reli ya kisasa iliyoanza kuleta abiria Dodoma Julai 2024 inaweza kuchukua sehemu ya mizigo, lakini mzigo unaoshushwa Ihumwa bado utahitaji lori kufika Kigali, Bujumbura au Goma, na lori litahitaji dereva, naye atahitaji kulala. Malori yatakayohamia barabara ile yatahama pamoja na jiko, tenki na mashuka yao. Yasipotengewa mahali yatalala popote, kwenye kingo za vijiji vipya na mbele ya shule, na sisi wakazi tutaanza kugombana nayo.

Kinachotakiwa si kikubwa: eneo tambarare la kuingia na kutoka bila kurudi nyuma, koki za maji ya bomba, vyoo na mabafu, taa, mlinzi, na kibanda cha fundi wa matairi. Mama ntilie watajileta wenyewe. Dereva analipa, tayari analipa kwenye maegesho ya watu binafsi kwa huduma duni kuliko hiyo. Wakala wa Barabara, TANROADS, ina hifadhi ya barabara ya mita 30 kila upande kutoka katikati, kwa sheria ya 2007, na Halmashauri ya Jiji ndiyo inayopima viwanja nyuma ya hifadhi hiyo. Eneo la ekari chache upande wa Matumbulu au Nala lingemwezesha jirani yangu kuegesha gari lake penye mlinzi, akapanda bodaboda na kulala usiku mmoja zaidi Mkonze, ndani ya nyumba aliyoijenga. Wapimaji wako kazini huku kwetu mwaka huu; vigingi vinapigwa kila wiki, na kila kiwanja kinachopata mwenyewe kandokando ya barabara ile kinapunguza mahali ambapo kituo hicho kingewekwa.